Mkasi ukifungua mdomo, wewe funga wako: mwongozo wa anayejifunza kushona

Kibaraza changu kiko Bombo, kando ya barabara kuu itokayo Kampala kwenda Gulu. Mji huu ni wa Wanubi na wa kambi ya jeshi, kwa hiyo Kiswahili hapa hakikungoja uamuzi wa baraza la mawaziri la Uganda wa mwaka 2022 wa kukikubali kuwa lugha rasmi ndipo kizungumzwe. Wateja wangu wamekuwa wakinibana bei kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza. Kila shule zikifungwa hunijia vijana na swali moja: "Fundi, nitajua kushona kwa miezi mingapi?" Huwajibu kwamba mikono ikifanya kazi kila siku, mwaka mmoja unatosha kushona sare ya shule bila kuharibu kitambaa cha mtu. Gomesi nzuri, lile vazi refu la sherehe la wanawake wa Uganda, ni ya mwaka wa pili. Mdomo ndio unaochelewa. Nimewaona mafundi wenye mikono mizuri kuniliko wakibaki na cherehani moja na deni la kodi, kwa sababu kila aliyepimwa kwao alikuta habari zake zimefika sokoni kabla nguo haijapigwa pasi.

Basi hapa nitaeleza kazi kama nilivyofundishwa na kama ninavyofundisha, toka kutafuta mwalimu hadi kukabidhi nguo. Kunyamaza sikukutengea sura yake. Kumo ndani ya kazi, kama bitana.

Mwalimu huchaguliwa kwa kupindua nguo

Usimchague mwalimu kwa kibao chake wala kwa wingi wa cherehani. Nenda kama mteja, omba kuona nguo iliyokwisha, kisha ipindue ndani nje. Nje kila nguo hupendeza. Ndani ndiko utaona kama mishono imenyooka, kama nyuzi zimekatwa au zinaning'inia, kama kitambaa kimezungushiwa uzi pembeni kisifumuke. Tazama tundu la kifungo: likiwa na ndevu, fundi huyo ana haraka.

Halafu kaa kidogo usikilize. Mteja akiondoka, fundi anasema nini nyuma yake? Akisema "yule mama ana deni hata la duka la sukari," ondoka. Atakachosema juu yako ukienda msalani ni kibaya zaidi.

Ukishapata mwalimu, patana naye kwa maandishi hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari: ada ni kiasi gani, italipwa kwa mafungu mangapi, utajifunza mpaka nguo gani, sindano zikivunjika nani ananunua, na kitambaa kikiharibika nani analipa. Hilo la mwisho wengi hulionea haya. Lisemeni mapema, maana kitaharibika tu.

Miguu kwanza, karatasi baadaye, kitambaa mwisho

Cherehani ya kukanyaga ndiyo shule, hata kama una ndoto ya mashine ya umeme. Umeme ukikatika wewe utaendelea, na mguu wako utajua mwendo ambao swichi haiwezi kukufundisha. Wiki ya kwanza ondoa uzi, inua mguu wa cherehani, kanyaga tu. Gurudumu lazima lianze kuelekea kwako kila mara. Likirudi nyuma, uzi hujisokota na kukatika. Anzisha kwa mkono, endeleza kwa mguu, simamisha mahali unapotaka. Fanya hivyo mpaka uweze kusimama sindano ikiwa juu kabisa bila kutazama.

Kisha chukua karatasi za daftari zenye mistari. Weka sindano kuukuu, kwa sababu karatasi hulifanya jino la sindano butu, na bila uzi fuata mstari. Matundu yakikaa juu ya mstari ukurasa mzima, chora pembe: fika kwenye kona, acha sindano imezama, inua mguu wa cherehani, geuza karatasi, shusha, endelea. Mwisho chora duara kama mdomo wa kikombe. Duara ndilo litakaloshona kwapa na shingo, usilirukie.

Baada ya karatasi, vitambaa vya mabaki. Anza na mfuko wa mto, halafu sketi ya ndani inayovaliwa chini ya gomesi, halafu kaptura ya sare. Suti usiiguse.

Sindano, uzi na mafuta

Mwanafunzi mmoja aliniambia cherehani yake "ina pepo." Ilikuwa inaruka mishono. Niliitoa sindano, nikaipindua, nikairudisha. Pepo likatoka.

Kanuni ni hii: sindano ina mfereji mrefu upande mmoja, na uzi lazima uingie tundu ukitokea upande huo. Katika hizi cherehani nyeusi tulizozoea, uzi huingia kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo upande bapa wa shina la sindano hutazama kulia. Sindano ya namba 11 ni ya vitambaa vyepesi kama hariri, 14 ni ya kazi za kila siku, 16 ni ya jinzi na turubai. Ikianza kutoa mlio wa "tap, tap" inapoingia, badilisha. Sindano mpya ni rahisi kuliko satini yenye michirizi.

Kuhusu mkazo wa uzi, shona kipande kisha kitazame pande zote mbili. Uzi wa juu ukilala umenyooka kama waya na wa bobini unachungulia juu, umekaza mno juu. Vikitokea vitanzi chini ya kitambaa, wengi hukimbilia kuchokoa bobini. Hapana. Mara nyingi kosa liko juu: uzi umelegea au haukupita kati ya visahani vya mkazo. Upitishe upya toka mwanzo, mguu wa cherehani ukiwa umeinuliwa. Skrubu ya kasha la bobini iguse mwisho kabisa, robo mzunguko tu, na ukumbuke ulikotoka.

Mafuta ni ya cherehani, si ya kupikia. Tone moja kila tundu, jioni, kisha shona kitambaa chakavu kinyonye ziada. Asubuhi futa vumbi la nyuzi chini ya bamba la meno.

Kutazama bila kuuliza

Hapa ndipo vijana wengi hushindwa, na si kwa ukosefu wa akili. Mwalimu anapoinamia kitambaa na chaki mkononi, anahesabu. Ana kiuno cha mtu kichwani, ana nafasi ya mshono, ana mita zilizobaki. Ukimuuliza "mwalimu, kwa nini umeanzia hapo?" namba moja inaanguka, na namba hiyo ni paja la mtu. Ngoja. Weka daftari dogo mfukoni, andika swali. Jioni, mashine zikifunikwa, toa maswali matatu tu. Utashangaa: mawili yatakuwa yamejijibu kwa sababu ulikuwa unatazama.

Mbele ya mteja ndiyo kabisa. Usimsahihishe mwalimu hapo, usimuulize bei hapo, usicheke. Ukiona kweli amekosea kipimo, msogelee umpe chaki na useme chini, "Mwalimu, mkono wa kushoto." Ataelewa.

Lakini kimya hiki kina mpaka wake, nami niliujua kwa hasara. Nilikuwa najifunza Kisenyi, Kampala, mwezi wa saba. Nikapewa kukata mikono ya gomesi ya mama aliyekuwa anakwenda Jumamosi kwenye kwanjula ya mwanawe, yaani sherehe ya kuwatambulisha wachumba. Kitambaa kilikuwa na uso na mgongo, na mimi badala ya kukikunja uso kwa uso nilikata mkono mmoja, nikaiweka patroni, yaani karatasi ya kielelezo, vilevile, nikakata wa pili. Nikapata mikono miwili ya kushoto. Ilikuwa Jumatano. Niliificha chini ya sanduku la nyuzi nikanyamaza, nikijiambia nitapata njia. Ijumaa usiku mwalimu akaitafuta. Tungejua Jumatano tungekwenda Kiyembe kununua nusu mita. Ijumaa usiku maduka yalikuwa yamefungwa. Alikaa mpaka alfajiri, akachukua kipande kwenye mkunjo wa ndani, pale kitambaa kinapopandiana mbele, akaziba pengo kwa kitambaa cha kufanana. Mama hakujua. Mwalimu hakunipigia kelele, alisema tu, "Kimya chako kimemla mtu nusu mita." Ada yangu ya mwezi ule ikaongezeka kwa kiasi hicho.

Kwa hiyo: ukiharibu, sema saa hiyohiyo, mkasi ukiwa bado na joto la mkono.

Kitambaa nacho husemeshwa

Kabla ya kukata, tafuta mtande, yaani nyuzi za urefu, zinazokwenda sambamba na ukingo wa kiwandani. Nguo hukaa vizuri mtande ukishuka toka bega hadi sakafu. Suruali iliyokatwa mshazari kidogo tu itajipinda mguuni baada ya kufuliwa mara mbili, na mteja atasema umemlaani.

Pamba ambayo haijaloweshwa inaweza kunywea sentimita tatu hadi tano kwa kila mita. Fanya hesabu: suruali ya urefu wa sentimita 104 ikinywea nne kwa mia, imepoteza sentimita nne na ushee, na soksi ziko nje. Iloweshe, ianike kivulini, ipige pasi, ndipo ukate. Rangi nayo ijaribu: weka kitambaa cheupe chenye maji juu ya pembe, kandamiza kwa pasi. Cheupe kikitoka na rangi, mwambie mwenye nguo kabla hujafanya lolote.

Kitenge chenye ndege au herufi kina juu na chini. Nimeona kuku wakitembea kichwa chini mgongoni mwa mtu mzima kanisani. Kitambaa kama hicho hula zaidi, hesabu mapema. Gomesi yenyewe inaweza kumeza mita sita.

Kupima: futi inajua, wewe hujui

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Siri ya mwili aijuaye futi.

Pima kwa mpangilio uleule kila siku, juu kwenda chini, ili usisahau: mabega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, urefu wa nguo. Kifua kipime vidole viwili vikiwa chini ya futi, mtu apate kupumua. Kwa gomesi ongeza kutoka bega hadi sakafu mteja akiwa amevaa viatu vya siku ile, na upana wa shingo, maana shingo yake ni ya mraba na ikikosea bega lote linaanguka. Mikono ina ncha juu ya bega. Ncha hizo zikilala nguo imekufa.

Simama ubavuni, si mbele. Mwanamume unayempimia mwanamke, usizungushe mikono yako. Mpe mwenzake au msichana wa kazi ashike futi, wewe soma namba. Hajati mtu mzima muulize kwanza, "Mama, nani akupimie?" Urefu wa ndani wa suruali usiupime mwilini kabisa. Mwambie alete suruali inayomkaa, upime hiyo mezani.

Namba usizitaje kwa sauti. Kuna mafundi wanaopiga kelele, "Kiuno mia na nne, andika!" huku benchi limejaa watu. Andika mwenyewe. Katika daftari weka jina, tarehe, namba, basi. Maneno kama "mnene" au "tumbo" usiyaandike, kwa sababu mteja anayefuata atainama kusoma. Funga daftari. Na kamwe usiseme "umenenepa" wala "umekonda." Aliyekonda pengine anatoka hospitalini, na aliyenenepa anajua.

Msimu wa kwanjula ndio mtihani mkubwa. Binti analetwa na senga wake, yaani shangazi, mara ya kwanza, unapima kiuno. Wiki sita baadaye anakuja kujaribu, na futi inasema sentimita sita zaidi. Wewe umejua kabla ya ukoo. Lililo lako ni la ufundi tu: acha sentimita nne kila ubavu badala ya mbili na nusu, shona mshono mrefu unaofumuka upesi, shusha mshipi kidogo ukae nyongani. Mara moja senga mmoja aliniuliza, "Fundi, mbona umeacha kitambaa kingi hivi ndani?" Nikamjibu kwamba nguo ya sherehe huachiwa nafasi ya kula. Alinitazama kwa muda, akacheka, akalipa.

Siku hizi kuna mdomo wa pili, simu. Usipige picha ya gomesi ya bi harusi ukaiweka kwenye status ya WhatsApp kabla ya siku yake. Wakwe wana simu pia. Baada ya sherehe omba ruhusa, na akikataa, umekataliwa.

Jina lenyewe la gomesi, husimuliwa, ni la fundi: Gomes, Mgoa aliyeshona hapa Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, na shule ya wasichana ya Gayaza hutajwa katika habari hiyo. Zaidi ya miaka mia jina lake liko migongoni mwa mama zetu, na hatujui hata mteja mmoja alimwambia nini akiwa anapimwa. Huyo nampenda.

Kukata

Zima redio. Simu iweke sandukuni. Kunja kitambaa uso kwa uso, bandika patroni kufuata mtande, na kwa chaki andika K na L, kushoto na kulia, juu ya kila kipande. Mimi hufanya hivyo mpaka leo, mnajua kwa nini. Anza na vipande vikubwa, vidogo vitapata nafasi kwenye mabaki. Mshono wa kawaida uachie sentimita moja na nusu, ubavuni mbili na nusu. Sare ya mtoto iachie pindo la sentimita nane, akirefuka mama yake atakuja ulishushe, na hiyo ni kazi nyingine.

Usikate jioni taa ikifumbafumba. Usikate ukiwa na hasira. Mtu akija kusalimu mkasi umo kazini, itikia kwa kichwa. Watu wa Bombo wamenizoea, hawaoni kiburi.

Kuunganisha ni kufuata mpangilio tu: mabega, shingo, mikono, mbavu, pindo, na pasi kila baada ya mshono. Ukitumia pasi ya mkaa, ifute chini kwa kitambaa kibichi na uijaribu kwenye mabaki. Cheche moja inatoboa satini.

Pale ambapo kunyamaza ni wizi

Mafundi wengine wameshika nusu ya somo. Wananyamaza kila mahali, hata pale mteja anapostahili kuambiwa. Kitambaa hakitoshi, wananyamaza, wanapunguza urefu. Siku haitoshi, wananyamaza, wanasema "njoo Ijumaa" wakijua ni Jumanne ya pili. Uongo wa Ijumaa ndio umetupa jina baya mafundi wote wa Uganda, na siwezi kututetea.

Sema kabla mkasi haujafungua mdomo: kitambaa kimepungua nusu mita, rangi itachuja, mtindo huu wa kwenye simu ulishonwa kwa kitambaa cha kuvutika, chako hakivutiki, sitaweza kabla ya tarehe fulani. Akiondoka, aondoke. Atarudi, kwa sababu fundi wa pili atamwambia Ijumaa.

Na liko jambo la kusema waziwazi bila kung'ata maneno: vazi la jeshi. Kijana akikuletea kitambaa cha madoa ya kombati umshonee kofia au suruali, kataa hapohapo. Sheria inakataza raia kuwa nalo. Mnamo Septemba 2019 bereti nyekundu nayo ikatangazwa kuwa vazi la jeshi, ikiwa ndiyo kofia ya wafuasi wa vuguvugu moja la upinzani. Mwaka wa uchaguzi huletwa vitambaa vya rangi zote, vya njano na vyekundu. Fulana shona, ni kazi. Maoni yako yaache chini ya meza na mabaki.

Nguo ya fundi mwingine ikiletwa kurekebishwa, hapo rudi kwenye kimya. "Nani alikushonea uchafu huu?" ni swali la kijinga. Hujui alipewa kitambaa gani wala siku ngapi, na pengine alipunguziwa bei hadi ikamwuma. Fumua, rekebisha, kabidhi.

Bei na kukabidhi

Taja bei mara moja, kisha shika pasi uendelee na kazi. Hii nimeichukua kwa mzee mmoja muuza viatu katika soko la Owino, Kampala. Ukisema "elfu arobaini" halafu ukaongeza "lakini tunaweza kuongea," umejipunguzia mwenyewe kabla mteja hajafungua kinywa. Mwache afikiri. Akisema elfu thelathini, mweleze kinachoondoka kwa bei hiyo: bitana, au kuzungushia uzi ndani. Achague. Chukua nusu kabla ya kukata na uandike daftarini.

Siku ya kukabidhi nguo iwe imepigwa pasi na nyuzi zimekatwa. Mpe avae nyuma ya pazia, atoke asimame mbele ya kioo. Usiseme "umependeza." Ukiisema wewe kwanza, ataanza kutafuta kasoro. Atavuta bega, atageuka ubavu, atainua mkono kama anayepanda taksi. Wewe shika pini mdomoni, utapata sababu ya kutosema. Akionyesha mahali panapobana, weka chaki. Akigeuka mara ya pili kujitazama mgongoni na akakaa hapo kidogo, toa pini, fungua daftari kwenye ukurasa wake, umwonyeshe salio.